Koti Lililopimwa Kitabuni

Fundi alikuwa akitia vifungo kwenye sare ya shule mkono wa Mkuu wa eneo ulipoingia dukani, kama kawaida yake ya saa nne asubuhi. Ulitoka dirishani pa ofisi ya eneo, ukavuka barabara, ukafunua birika la muuza chai, kisha ukaja kupekua droo ya nyuzi. Watu waliuruka kama wanavyoruka mpira wa maji. Mwaka wa kwanza wa Mkuu kazini, mkono huo ulikuwa unaishia mezani pake. Watu walivyozidi kunyamaza, nao ukazidi kurefuka.

Siku hiyo ulileta kitambaa cheusi: koti la sherehe, liwe tayari Ijumaa. Ulipotoka hapo ulikwenda hadi nyumba ambamo Fundi alikuwa akiishi na bibi yake, ukachora alama nyekundu ukutani. Pangevunjwa, pawe maegesho ya magari ya ofisi.

"Bibi, nimeupima mkono. Hatua sitini na mbili. Kitambaa hakitoshi."

"Nani kakwambia umkatie alivyo? Mkatie anavyotakiwa kuwa."

Kitambaa kigumu cha kuingiza ndani ya mikono ya koti isimame nacho kilikuwa kimekwisha. Bibi akatoa sandukuni kitabu cha marehemu mumewe, aliyekuwa karani, kurasa zake zitumike badala yake. Kiliandikwa na mtu wa mbali, aliyemkimbia mfalme wake na kufa miaka mia tatu na ushei iliyopita. Fundi aliishia darasa la saba, kwa hiyo kila ukurasa aliusoma kwa kidole, neno kwa neno, kabla ya kuugandisha. Kitabu kilisema mamlaka ni amana, si mali. Kilisema sheria iko juu ya kichwa cha anayeitunga. Kilisema nyumba ya mtu haichukuliwi bila ridhaa yake.

"Huyu mzee alimjua Mkuu wetu?"

"Alimjua wa kwao, mjukuu wangu. Kipimo chao ni kimoja."

Kurasa zilienea mikono yote miwili, bila kupunguza wala kuunga. Ulibaki mmoja tu, wa mwisho. Fundi akafungia humo vifungo vya akiba.

Ijumaa Mkuu akalivaa koti. Mkono ukarudi kutoka sokoni, ukajikusanya pole pole, ukaishia pale mkono wa mtu unapoishia.

"Limenikaa, Fundi."

"Limekukaa, Mheshimiwa."

Wiki nzima alilivaa. Akitaka faili alinyanyuka kulifuata. Alikwenda kwa bibi, akapiga hodi, akangoja aambiwe karibu, akaifuta alama mwenyewe kwa tambara lenye mafuta ya taa.

"Samahani, bibi. Sikuwa na haki."

"Umesahau pale pembeni," bibi akamwambia, naye akapafuta.

Wiki ya pili joto likazidi. Mkuu akalivua koti, akalitundika kwenye msumari nyuma ya kiti chake. Kabla ya mchana mkono ulikuwa umeng'oa mlango wa bibi, bawaba na vyote, na alama ilikuwa imerudi ukutani.

Kesho yake Fundi, akitafuta kifungo, aliukunjua ule ukurasa wa mwisho. Akausoma kwa kidole. Ulisema mpaka wa mtawala usikabidhiwe mtawala mwenyewe. Utunzwe na wanaotawaliwa, wamrudishe kila anapouvuka.

"Hata hilo yule mzee aliliona?" bibi akauliza.

"Aliliona. Mimi ndiye niliyefungia vifungo ndani yake."

Bibi akatundika khanga mlangoni. Ipo mpaka leo, nyumba ikiwa bado haijavunjwa, na mkono huifunua kila asubuhi, ukachungulia, ukaiachia.

Siku ya sherehe, kila mwaka, Mkuu hulivaa koti, na foleni ya wenye shida hufika hadi barabarani, maana haki hupatikana mpaka saa kumi na moja jioni, anapolivua. Bibi naye hupanga. Huahidiwa mlango wake kesho.

Asubuhi ya siku hiyo Fundi hulipiga koti pasi. Kwa miaka yote hiyo hajaona uzi uliolegea. Kisha hulishika mabegani, mkono unapokuja kulichukua, na kila mwaka huchelewa kidogo zaidi kuliachia.