Njumu za Bibi Nyamizi

Kashaulili nzima ilijua kwamba Mwese hawana beki wa kunikaba mimi, Masele. Nasema hivyo bila aibu. Kilichonikaba mwaka ule wa tisini na sita ni msuli wa nyuma ya paja langu mwenyewe. Ulivutika mazoezini, nikajifanya mwamba, nikarudi uwanjani kabla haujapona, ukavutika tena vibaya zaidi. Kocha Kasimiri akaniambia, "Ukiuumiza mara ya tatu, mechi ya Mwese utasimuliwa."

Nikakubali kwa mdomo tu. Asubuhi iliyofuata niliamka mapema nitorokee mazoezini, nikakuta njumu zangu hazipo. Alikuwa amezivaa bibi yangu Nyamizi, jembe begani, anakwenda kupalilia karanga.

"Bibi, viatu vyangu!"

"Vyako vipi? Mali ya mume si ya mkewe?"

Kwetu Wasukuma bibi na mjukuu ni watani. Mtani akikuchukulia kitu, hununi wala hushtaki kwa mtu.

"Nikamate, mume wangu, uvichukue," akasema, akaondoka zake.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mwanzoni nilimfuata nikichechemea, naye akinisubiri kwenye kichuguu cha njiani, anacheka. Baadaye nikawa natembea vizuri. Nikaanza kukimbia taratibu, na kila paja lilipobana, yeye alikuwa ameshaniona.

"Mzee wangu kachoka. Nenda kapumzike."

Nilichukia kweli. Lakini nilikuwa napona, na nilijua.

Siku moja kabla ya mechi nilifyatuka. Bibi naye alikimbia kwelikweli, kashika khanga mkononi, lakini nilimkamata kabla ya kichuguu.

"Paja limebana?" akauliza, anahema.

"Halijasema kitu."

"Basi nivue, ukawaoneshe hao wa Mwese."

Nikapiga magoti, nikafungua kamba. Visigino vyake vilikuwa vimechubuka, nyama nyekundu inaonekana. Njumu zilimpwaya siku zote hizo, na hakuwahi kusema. Machozi yakanilenga. Nilitaka kumshukuru, lakini mtani hashukuriwi.

Nikalibeba jembe lake.

"We Masele! Na karanga zangu?"

"Nikamate, mke wangu, ulichukue."

Kesho yake nilipowafunga Mwese bao la pili, aliyepiga kelele kuliko wote pembeni ya uwanja alikuwa bibi kikongwe, pekupeku, anadai jembe lake.