Sanamu Kando ya Bomba

Jumatano, tarehe tisa Julai, saa moja na dakika kumi asubuhi, manyunyu yalikuwa yakiiangukia bustani ya manispaa, yale membamba yasiyomlowesha mtu mara moja bali humwingia taratibu mpaka kwenye mifupa. Mhandisi wa maji alisimama chini ya mwavuli wake mweusi akiwatazama vibarua wakifunua turubai. Chini ya turubai palikuwa na benchi la shaba, na juu ya benchi amelala mtu wa shaba, magoti ameyakunja, shavu amelilaza kiganjani. Blanketi la shaba lilimfunika mpaka kifuani. Miguu ilikuwa nje, mitupu.

Mtu huyo alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Mchongaji alipewa picha na mama yao, na kazi yake aliifanya kwa uaminifu uliochoma moyo. Hakusahau hata kidole kilichopinda, kilichobanwa na mashine katika kiwanda cha uchapaji. Kiwanda kilipofungwa, fundi chapa yule alikosa kwanza kazi, akaja akakosa kodi ya nyumba, kisha mke, na mwishowe akakosa hata watu wa kumjulia hali. Mhandisi alimpa chumba cha uani kwa masharti mawili: asinywe, na saa tatu usiku awe ndani. Hakudumu. Siku aliyoondoka alilikunja godoro vizuri, akacheka, akasema, “Hii si nyumba, kaka. Ni bweni.” Akaenda kulala bustanini, juu ya benchi la mbao lililokuwa hapo hapo ilipowekwa sanamu.

Msimu uliopita wa baridi, askari wa manispaa walifanya kile walichokiita usafi. Walizoa mablanketi yote ya bustanini, wakayachoma moto nyuma ya soko. Wiki hiyo hiyo fundi chapa alikutwa asubuhi amekauka kwa baridi. Na sasa ofisi ile ile iliyochoma blanketi lake la sufu ndiyo iliyogharimia hili la shaba. 

Mwenyekiti wa kamati ya ukumbusho aliteremka garini, dereva akimshikia mlango. Walisoma pamoja shule ya bweni, na kwa kuwa huko alikuwa kiranja, waliosoma naye walimwita Kiranja mpaka leo, pamoja na upara wake na tumbo lake la heshima. Alimpa Mhandisi pole kwa mara nyingine, akaisifu sanamu, kisha akageuka akaonyesha kwa fimbo ya mwavuli mahali nyuma ya benchi, penye nguzo fupi ya zege na bomba la umma. Hilo ndilo lililokuwa bomba pekee la watu wanaolala bustanini. Hapo walikunywa, walinawa, walifua.

Alieleza kwa utulivu. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Wangekuja wageni na wapiga picha, na haikuwezekana mgeni rasmi ahutubie huku nyuma yake watu wakisugua makwapa. Bomba lilipaswa kufungwa kabla ya siku hiyo, na lisifunguliwe tena, kwa hadhi ya mahali. Kwa kanuni za idara, valvu ya bomba la umma haiguswi na mtu ila mhandisi wa eneo. Mhandisi aliuliza watu wale wangechota maji wapi. Kiranja akajibu kwamba hilo lingejadiliwa katika awamu ya pili. Mhandisi akasema kwamba hafungi.

“Miaka yote watu wamepita hapa bila kugeuza shingo,” Kiranja alisema. “Sanamu hii itawageuza. Wewe unataka nini zaidi?”

“Nataka maji yatoke.”

Kiranja alitazama huku na huku, akashusha sauti. “Bwana mdogo, sikupenda tufikishane hapa. Nadai deni la bweni.”

Bweni lao lilikuwa na sheria yake, ambayo haikubandikwa ukutani wala mwalimu hakuijua. Mwanafunzi aliyejitwisha adhabu ya mwenzake alipata haki ya kumwomba jambo moja, siku yoyote ya maisha yao, na aliyeombwa hakuruhusiwa kuuliza sababu wala kukataa. Wapo waliodaiwa wakiwa na wajukuu, wakalipa. Mhandisi alikuwa kidato cha pili alipotoroka kupitia uzio kwenda kumwona baba yake aliyekuwa mahututi. Kiranja alisimama mbele ya mwalimu mkuu akasema kwamba ni yeye aliyemruhusu, jambo ambalo halikuwa kweli. Alirudishwa nyumbani wiki mbili na kukosa mtihani. Mhandisi alimkuta baba yake angali na kauli. Tangu hapo hakuwahi kuvunja neno lake kwa mtu yeyote, na hilo alijivunia kuliko cheo.

Aliomba apewe mpaka alasiri.

Mchana alikwenda kwa mama yake. Alimkuta chumbani anapiga pasi gauni la Jumamosi, akilinyoosha kola kwa ncha ya pasi kama mtu anayeogopa kuliumiza. Mwanaye alianza kuzungumza kwa ukali: kwamba sanamu ni dharau, kwamba wamemuua wakamtengeneza upya ili wapigwe picha naye.  Alipomaliza, mama aliiweka pasi wima.

“Mimi naitaka,” alisema. “Walimzika na wasiojulikana kabla hatujapata habari, baba. Sina kaburi la kupalilia. Alipokuwa hai watu walimruka kama dimbwi. Acha wasimame mbele yake, hata kama ni kwa unafiki.”

 Mhandisi akamweleza basi habari ya bomba.  Kamati ilimtembelea mama mara tatu na haikulitaja. Akasema kwamba kila Ijumaa alikuwa akimpelekea mwanawe sabuni pale, akimngoja anawe, halafu ndipo wazungumze, kwa sababu yule hakutaka kuzungumza na mama yake akiwa mchafu.

“Walisema ni kwa heshima yake,” alisema hatimaye, akachomoa waya wa pasi.

Alasiri manyunyu yalikuwa yamekatika. Bombani palikuwa na foleni ya madumu na makopo, na bibi mmoja waliyemwita Malkia, mwenye makoti matatu mwilini, alikuwa amejiketisha kwenye miguu ya sanamu akisuka nywele za mwenziwe.

“Huyu kajaliwa,” Malkia alimwambia Mhandisi bila salamu. “Blanketi lake limechomelewa. Askari wakija kulibeba watateguka viuno.” Foleni ikacheka. Kisha akamkazia macho. “Wewe si kaka yake? Mmefanana, ila wewe unashiba.”

Mhandisi alikubali yote mawili.

Kiranja alifika saa kumi na vibarua wawili wenye sululu. Foleni ilijikunja pembeni, kila mtu na dumu lake, wakijua kwamba linasemwa jambo linalowahusu. Mhandisi alimwambia Kiranja kwamba sanamu ibaki, kwa kuwa mama yake anaitaka, naye angehudhuria Jumamosi na kusimama kando ya mama. Bomba nalo lingebaki wazi, siku hiyo na baada yake.

“Nimekudai deni,” Kiranja alisema. “Sikukuuliza maoni.”

“Unanidai, na mbele ya hawa nakiri kwamba unanidai. Nilimwona baba yangu kwa sababu yako. Lakini wewe ulijitwisha adhabu mgongoni mwako mwenyewe. Leo unataka mimi nilipe kwa koo za watu wengine. Maji haya si yangu hata nikulipe nayo.”

“Hakuna aliyewahi kukataa deni la bweni. Hata mmoja.”

“Basi mimi ndiye wa kwanza. Silipi.”

 Kiranja alisema kwa sauti ya chini kwamba kila aliyelala bweni lile angepata habari kabla ya Jumamosi, na kwamba jina la Mhandisi lisingetajwa tena kwenye mikutano yao.

“Waambie,” Mhandisi alijibu. “Na usisahau kuwaambia uliomba nini.”

Kiranja aliwaashiria vibarua warudi, akaingia garini bila kuaga. Deni halikulipwa. Malkia alimsogeza mwenziwe kwa goti, akainuka kutoka kwenye miguu ya shaba, akaenda kukinga kopo lake.