Lita Elfu Tatu

"Huu ni wizi, shemeji. Wizi wa mchana kweupe!"

"Kama ni wizi, kwa nini umekuja kwa mwizi na tangi tupu?"

"Upepo wa mbele umenimalizia mafuta. Ningekuwa na ya nusu saa zaidi, nisingetua hapa hata kwa dawa."

"Basi rudi juu ukaukope upepo."

Tulikuwa tumeshafika hapo, mimi nimeshika mpira wa pampu, yeye amekunja mikono chini ya bawa la ndege yake. Shemeji yangu ni rubani, mdogo wa marehemu mume wangu. Ana ndege ya injini moja anayobebea wapima ardhi na vifurushi. Zamani alitua kwangu mara nne kwa wiki. Siku hizi anajaza mafuta kiwanja cha jirani, kilomita tisini kutoka hapa, kisha anapita juu ya paa langu kama hanijui.

"Kwa hela ninayokulipa kwa lita mia," aliendelea, "kule napata mia na arobaini. Petroli ileile, rangi ya bluu ileile, imeshushwa bandari ileile. Yako mnaitia nini, asali?"

Sikuwa na muda wa asali. Karani wa kampuni ya mafuta alikuwa amenipa mpaka saa sita mchana: ama niagize mzigo, ama lori lao lisije tena upande huu. Bila lori hakuna pampu, na pampu ile ndiyo iliyowasomesha wanangu watatu. Tangini zilibaki lita mia sita. Kusema kweli, niliamka asubuhi ile nikiwa nimekaribia kuiacha ife.

"Njoo ofisini," nilimwambia. "Kuruka unajua, hesabu ndizo zilizokupita."

Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye meza, viti vinne vya chuma na dirisha linalotazama njia ya kurukia. Siku hizi viti vitatu vinakaliwa na vumbi. Lakini mtu angeiona Jumamosi za zamani! Ndege saba kwenye foleni, marubani wamejazana humu na vikombe vya bati, wanadanganyana kuhusu mawingu waliyoyapasua. Mume wangu walimwita Fundi Matone. Kila asubuhi alifungua koki ya chini ya tangi, akakinga mafuta kwenye chupa ya kioo, akaiinua dirishani kutafuta tone la maji. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kama ushanga. Mpaka aridhike, hakumjibu mtu. "Msimsalimie, yuko ibadani," marubani walinong'ona, na yeye alisikia na hakucheka mpaka chupa ishuke. Wanangu pacha walifanyia kazi za shule juu ya mapipa matupu. Nguo zetu zote zilinuka petroli, hata mwalimu wao wa kemia aliwakalisha mbali na moto. Nilikuwa nikilalamika kila nilipofua. Leo ningelipa nisikie nyumba inanuka hivyo.

Shemeji alipangusa kiti akaketi.

"Sikiliza," nilisema. "Lori la petroli ya ndege halibebi kitu kingine. Likishusha hapa, linarudi tupu. Mwenye lori anatoza safari, hajali limejaa au mafuta yanachezacheza humo ndani. Wale wenzangu wa kiwanja cha jirani wako kando ya barabara kuu, wanashusha lita elfu kumi na mbili kwa mpigo. Gharama ya safari wanaigawa kwa elfu kumi na mbili. Mimi naigawa kwa elfu tatu. Upimaji wa maabara, bei yake ni moja kwa mzigo mkubwa na mdogo. Barabara yetu inakula matairi, na tairi nalo limo ndani ya lita. Nyinyi mkiiona bei mnakimbia. Mkikimbia nauza kidogo, na lita zinazobaki zinabeba gharama ya zile mlizozikimbia. Umeelewa au nichore?"

"Nimeelewa. Ila tangi lako si la elfu kumi na tano?"

"Ndiyo."

"Sasa elfu tatu za nini? Wewe mwenye stashahada ya ugavi!"

"Muulize kaka yako."

"Shemeji, kaka ana miaka minne kaburini."

"Ndiyo maana sijapata wa kubishana naye. Alisema tusizidi elfu tatu. Tangu siku ile ulipoangukia kwenye alizeti."

Hapo aligeukia dirisha.

Siku ile ni miaka kumi na saba sasa. Aliondoka hapa asubuhi na abiria wawili. Alipopita tu mwisho wa njia ya kurukia, injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza, naye akaishusha ndege kwenye shamba la alizeti. Waliumia michubuko tu, ndege ikavunjika mguu. Mafundi walipofungua kabureta walikuta maji. Mafuta yalikuwa yametoka kwetu, kwa hiyo macho yote yaligeukia pampu. Tangi lilipimwa likaonekana safi, lakini mume wangu hakujisamehe. Alilimwaga lote, akaingia ndani mwenyewe kulisugua, akatoka macho mekundu. Ndipo alipoamua: tuagize kidogo, tuuze upesi, mafuta yasilale. Nilimwambia tangi likiwa tupu nusu ndilo linalotoka jasho la maji ndani. Alinijibu, "Nilikaribia kumuua mdogo wangu." Ukijibiwa hivyo, unabishana na nini? Alipofariki nikaendelea na elfu tatu zake kama wasia.

Haya yote nilimweleza shemeji kwa mara ya kwanza. Aliinamia viatu vyake.

"Hakuniambia," alisema.

"Angekuambia nini? Alikuwa akiona aibu."

"Mama Pacha." Akiniita hivyo najua utani umekwisha. "Maji hayakutoka kwenu."

"Yalitoka wapi?"

"Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha. Mfuniko wa tangi la bawa la kushoto sikuufunga. Asubuhi nilichelewa, sikukinga mafuta ya bawa kuyaangalia. Tulipoanguka, nilitoka nikaukuta unaning'inia kwenye mnyororo wake. Nikaufunga kabla hamjafika."

Nje, soksi ya kuonyesha upepo ilikuwa ikipiga mlingoti.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," alisema. "Leseni ilikuwa na miezi minne. Ningemwaga unga kabla sijauonja."

"Na baadaye?"

"Baadaye ikawa imeshakuwa baadaye."

"Kaka yako ameondoka na kosa lako kifuani. Miaka kumi na mitatu alikuwa akiiangalia ile chupa kama inamsuta. Ulikuwa ukinywa chai yake humu humu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuja kuniita mwizi."

"Kuhusu bei sikujua, wallahi. Nilidhani ni uroho."

"Uroho wa nani?"

"Wako, shemeji."

Nilitaka kumpiga na kitabu cha risiti, nikajikuta nacheka, kisha nikajikuta nafuta machozi kwa ncha ya kanga. Namfahamu mume wangu. Angeambiwa mapema, angemfokea mdogo wake wiki nzima, halafu Jumamosi angemmiminia chai, na lori lingekuja limejaa. Ile foleni ya ndege saba haikuuawa na barabara wala na wale wenzangu wa kilomita tisini. Iliuawa na mfuniko mmoja na mdomo mmoja.

"Nitajaza hapa kuanzia leo," shemeji alisema. "Kila safari."

"Hilo sikuombi, nakuarifu. Na marubani wenzako utawapigia wewe, mmoja mmoja. Uanze na alizeti, ndipo ufike kwenye bei. Usiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Wote?"

"Hata yule bingwa wa kuwacheka wenzake. Anza sasa hivi."

Alitoa simu akaitazama kama dawa chungu, kisha akatoka nayo nje. Kupitia dirishani nilimsikia akisema, "Ndugu, una dakika? Unakumbuka ile siku niliyoanguka?"

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Nikampigia karani.

"Mama, nilishakukatia tamaa," alisema. "Elfu tatu, kama kawaida?"

"Elfu kumi na mbili."

"Rudia, mama, nisije nikakosea."

"Kumi na mbili. Na bei mpya nipe kwa maandishi."

"Sawa. Ila nusu ya malipo itangulie, bila hivyo lori halipakii."

Fedha hizo nilikuwa nimeziweka za kuezeka nyumba upya. Nyumba imevuja misimu miwili, itavumilia wa tatu. Nilifungua akaunti ya benki kwenye simu, nikaingiza kiasi, nikakisoma mara mbili, nikabonyeza.

"Imeingia," karani alisema. "Lori linapakia kesho alfajiri."