Bomba Lililoliwa kwa Ndani

Bomba la chuma lililopita chini ya wodi ya wazazi lilipasuka Jumatatu asubuhi, na kabla ya adhuhuri hospitali nzima ilikuwa imeshampata mkosaji. Ni fundi bomba wao, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Kwa tabia yake ya kupima mara tatu kabla ya kukata mara moja, walimwita Taratibu. Bomba lenyewe alililaza yeye miaka kumi na miwili iliyopita, na mabomba ya aina ile huishi hamsini. "Jipya alilipeleka kwake, hapa akatuwekea mkweche," wafagizi walinong'onezana koridoni, na mnong'ono haukukawia kupanda ngazi hadi kwa katibu wa hospitali.

Katibu hakumkaripia. Alimwambia akae nyumbani mpaka kamati ikutane, aache funguo za stoo mezani.

"Miaka ishirini na sita nimezishika hizi," Taratibu alisema.

"Najua, Fundi. Hata mimi naona haya kukuomba."

Aliondoka na kipande cha lile bomba ndani ya mfuko wa plastiki. Siku mbili alikaa nacho uani akikigeuza-geuza. Kwa nje chuma kilikuwa kizima, rangi bado imeshika. Kwa ndani kilikuwa vishimo vitupu, na utelezi mweusi umeganda kama masizi yaliyolowa. Akaanza kujishuku. Huenda kweli mzigo ule wa mabomba ulikuwa mbovu, naye akaupokea macho yamefumba.

Jumatano jioni binti yake mkubwa, mfanyakazi wa maabara ya maji, alikuja kuwajulia hali. Alimkuta mama yake mlangoni amejiziba pua.

"Pita ukamuulize baba yako nani ametaga mayai viza kwenye nyumba yangu," mama alisema.

Binti alienda uani, akakiinamia kile kipande, akanusa, kisha akachungulia ndani kwa tochi ya simu.

"Baba, hili halikuchakaa. Limeliwa."

"Chuma kiliwe na nani?"

"Bakteria."

Taratibu alimtazama kama mtu anayetaniwa msibani. "Mwanangu, kutu naijua. Kutu inataka hewa. Bomba limejaa maji pomoni, hewa itoke wapi?"

"Hawa hawaitaki hewa." Binti alivuta kigoda. "Chukulia mwili ni jiko. Kuni zikiungua, moshi lazima upate pa kutokea. Sisi njia yetu ni oksijeni. Hawa wanaishi isikofika, basi wakajitafutia njia nyingine. Wapo wanaopumua kutu, kama wewe unavyopumua hewa. Hawa wa bomba lako, kwa harufu hii, nadhani wanapumua salfeti, chumvi iliyomo kwenye maji ya kisima cha hospitali. Wakishaipumua wanatoa gesi ya yai viza, na hiyo ndiyo inayotafuna bomba."

Taratibu alikirudisha kile kipande kwenye mfuko. "Na kamati itasema binti anamkingia kifua baba yake."

"Ndiyo maana siendi na maneno matupu."

Mkuu wake wa maabara alikubali afanye jaribio, kwa sharti kwamba majibu yasomwe na mtu mwingine. Binti alichemsha maji kuitoa hewa, akayatia salfeti na lishe kidogo, akayamimina kwenye chupa mbili, kila moja ina msumari mpya. Katika moja alitia utelezi wa bomba ukiwa hai. Katika nyingine alitia uliokwisha kupikwa hadi vijidudu vyote vikafa. Akazijaza hadi mdomoni, akaziziba kwa nta, akaziandika namba tu na kumkabidhi mwenzake.

Kila asubuhi Taratibu alipiga simu. "Wagonjwa wangu wameamkaje?"

"Wamelala tu, Baba."

Siku ya tisa jibu lilibadilika. Chupa namba moja, yenye utelezi hai, ilikuwa nyeusi kama wino, msumari umevaa masizi. Ya pili ilibaki angavu, msumari unang'aa.

Mwenzake binti ndiye aliyeziweka chupa hizo mbele ya kamati na kueleza. Katibu alishusha pumzi, akaanza kusema kwamba basi fundi hana kosa, lakini mhandisi wa majengo akamkatiza.

"Maji ya kisima hiki yanakwenda wodi zote. Kwa nini bomba limeliwa hapa tu?"

Taratibu angeweza kuliacha swali lipite. Akasimama.

"Hapo nina neno. Miaka tisa iliyopita chumba cha kufulia kilihamishwa. Bomba lake lilichipuka kutoka hili. Nilitakiwa kulikata kwenye shina, nikaliziba mwisho tu, nikasema nitarudi. Sikurudi. Maji yamelala mle miaka yote hiyo, bila kutembea, bila hewa. Hao wadudu, kitanda chao nimewatandikia mimi."

Binti, aliyekaa nyuma, aliinamisha macho. Alikuwa ameshaona lile tawi kwenye ramani ya mabomba, akashindwa kumuuliza.

Metroni wa wodi ya wazazi aliweka kalamu chini. "Siku ile naikumbuka. Kukata kungetaka maji yafungwe tangu asubuhi hadi jioni, na nilikuwa na akina mama saba wana uchungu. Mimi ndiye niliyemsihi asifunge. Kama ni kosa, tuligawana, na mimi sikumkumbusha."

Katibu alimuuliza Taratibu kama anajua matawi mangapi ya namna ile yamebaki.

"Manne. Nayajua yote yalipo."

Jumamosi mapipa ya maji yalipangwa wodini mapema, bomba kuu likafungwa, na Taratibu akaingia chini ya sakafu na msumeno wake. Binti alimmulikia. Matawi matatu yalitoa maji meusi yenye uvundo. La nne lilitoa maji safi, hata yeye akashangaa. Alilikata vilevile. Wafagizi walikuja kuzoa maji, na mmoja wao, aliyenong'ona kuliko wote, alimletea chai. Taratibu aliipokea, akamsogezea ndoo iliyogeuzwa, wakakaa.