Moshi Uliopiga Hodi

Fundi cherehani alikuwa anatia kola kwenye shati la mteja, pini mdomoni, moshi ulipopiga hodi. "Karibu," akajibu bila kuinua macho, kama ambavyo angemjibu mtu yeyote. Moshi ukaingia, ukapangusa miguu kwenye tambara la mlangoni, ukakaa kwenye kiti cha wateja. Ulikuwa mweusi, mnene, unanuka sponji iliyoungua.

Ulitoka nyuma ya ukuta, kwenye shimo la wazi ambamo kiwanda cha magodoro kilichoma mabaki yake. Adabu ulikuwa nayo, tusiusingizie. Ulisalimia, ukauliza habari za kazi. Chumbani binti wa fundi akaanza kukohoa. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na kikohozi kile fundi, mama yake, alikijua: kilianza hivyohivyo siku alipolazwa.

"Samahani, mama," moshi ukasema. "Najua ni mimi."

Fundi akamwita mkaguzi wa hewa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Hewa. Ndiye aliyekuja mwezi uliopita kumzimia fundi kijimoto cha majani makavu uani, akamsomea sheria ya kuchoma taka ovyo mwanzo hadi mwisho, na fundi akatii.

Bwana Hewa alisalimiana na moshi, akauomba kibali, akakitazama, akaurudishia.

"Moshi wa kiwanda hauruhusiwi kuingia kwa mtu bila ridhaa yake," alisema. "Huu umepiga hodi. Wewe ukasema nini?"

"Nikasema karibu. Ningesema nini, jamani?"

"Ndiyo ridhaa yenyewe."

"Ala! Siku hizi hodi nayo ni mtego?"

Bwana Hewa hakuwa mtu mbaya. Mama yake mzazi naye alisumbuliwa na kifua. Akainama, akanong'ona kwamba mwenye nyumba anaweza kumtoa mgeni kwa kauli yake tu.

"Basi toka," fundi akauambia moshi. "Usinione mbaya, nina mtoto."

"Haki yako, mama." Moshi ukainuka, ukaaga, ukaenda kusimama barabarani.

Kila asubuhi ulipiga hodi, na fundi akauma midomo asijibu. Aliona haya, lakini alivumilia. Binti akaanza kulala chali, akala akamaliza sahani, akacheka na redio. Fundi alifurahi mpaka akashona kola mbili juu chini.

Kiwanda kikalalamika kwamba moshi wake umerundikana barabarani na malori hayaoni njia. Wakubwa wakakaa, sheria ikarekebishwa: moshi wenye kibali hauna haja tena ya kupiga hodi, wala hautolewi kwa kauli ya mwenye nyumba. Bwana Hewa alileta habari hizo mwenyewe. Alizisema akiwa nje, anaangalia viatu vyake.

Kesho yake moshi uliingia kimya. Haukukaa. Ulikwenda kwenye kona ya jikoni, mbali kabisa na chumba cha binti, ukajikunja kadiri ulivyoweza. Lakini siku hiyo kiwanda kilikuwa na mabaki mengi, na kona haikutosha.

"Nisamehe, mama," ulisema, ukianza kupita chini ya mlango wa chumba.

Ndani, fundi alikuwa amemkalisha binti kitandani, amemwegemeza kifuani pake, anampepea kwa shati la mteja.

"Vuta, mwanangu," alimwambia. "Vuta taratibu."

"Nivute nini, mama?" binti akauliza.