Kura Kando ya Kitanda cha Baba

Kwetu jambo zito liliamuliwa kwa kunyoosha mikono. Baba, katibu wa chama cha wafanyakazi pale kiwanda cha viatu, alituzoesha hivyo tangu tungali wadogo. Kuhama nyumba, kura. Dada aolewe sasa au amalize kwanza kujifunza cherehani, kura. Marehemu mama alimtania kwamba hata chumvi ya mboga itaitiwa kikao. Baba akamjibu kuwa akidi haijatimia.

Miaka ishirini na sita alipaka soli gundi katika chumba kisicho na dirisha, na jioni alinawa mikono kwa petroli. Sijasahau. Mwaka wa mgomo meneja alitusomea barua langoni, kwamba harufu haijawahi kumuua mtu. Msomaji wa barua ile leo ana ghorofa. Baba ana saratani ya damu. Daktari hawezi kuapa kwamba ni gundi. Mimi naweza.

Daktari mwenyewe ni binti mpole, na hakuzungukazunguka. Dawa ya kwanza imeshindwa. Ipo nyingine, kali mno. Wengine imewainua, wengine imewamaliza mapema zaidi. Baba angeangukia upande gani, hakujua. Alitaka jibu kabla ya saa nane mchana.

Basi tukakaa kikao pale pale wodini. Nikahutubia kama niko tena langoni siku za mgomo: tusiwaachie wenye kiwanda ushindi wa bure, tupigane. Mikono mitatu ikapanda, wangu, wa dada, na wa mdogo wetu dereva wa lori. Wa baba ulibaki juu ya shuka.

"Watatu kwa mmoja," alisema. "Imepita. Leteni hiyo karatasi."

Akatia sahihi. Nami nilifurahi, kama ninavyofurahi kila nikishinda.

Siku ya tisa midomo yake ilikuwa imechanika, na hata maji ya kijiko yalirudi. Nilipomuuliza kwa nini siku ile hakubisha, alinishangaa.

"Ningebisha vipi? Nilikuwa mmoja."

"Ulitaka nini, Baba?"

"Kitanda changu. Na kelele za wajukuu."

Nikasema basi tuiache dawa. Akakataa: uamuzi wa wengi hauvunjwi na mtu mmoja, hata awe huyu mwanangu mwenye mdomo. Nikamfuata daktari. Alisema kuacha tunaweza, kuendelea tunaweza. Huenda wiki ya tatu ndiyo ingeonyesha kitu. Huenda. Dada kwenye simu akasema nisithubutu. Mdogo wetu akasema vivyo hivyo, huku analia.

Nikarudi wodini, nikavuta kiti.

"Tumekaa upya," nikamwambia. "Sote watatu. Unarudi nyumbani."

"Hakuna aliyepinga?"

"Hakuna."

Maisha yangu yote nimewaandama wezi wa kura, na majina yao ninayo hadi leo.  Baba akasukuma shuka pembeni, akaniomba nimshike mkono aketi.