Bumba Mlangoni kwa Dada

Bumba la nyuki lilining'inia kwenye kibao cha duka la ushonaji, juu kidogo ya mlango, likitweta kama kiumbe kimoja. Jirani, fundi wa kuchomelea, alikuwa ameshafika na dumu la petroli.

"Weka chini hilo dumu," mfuga nyuki alimwambia, akishuka garini na sanduku lake. "Ukiwasha moto hapa utachoma nyuki, duka, na hizo nyusi zako."

Watu wakacheka. Mwenye duka, aliyejifungia ndani na magauni ya harusi, hakucheka. Alikuwa dada yake mfuga nyuki, wa tumbo moja, na walikuwa hawasemeshani tangu dada aliposema mbele ya wakwe kwamba mdogo wake ananuka moshi kama chungu. Leo shida ilimfanya apige simu. Mfuga nyuki alikuja na jibu la tusi lile, amelinoa njia nzima.

"Hawaumi?" dada aliuliza dirishani.

"Nyuki anayehama ameshiba asali, wala hana nyumba ya kulinda. Mpole kuliko mimi na wewe. Nataka kitambaa cheupe na mtu wa kunishikia sanduku."

Akawageukia wanaume. Kila mmoja akakumbuka ana shughuli ya haraka.

Mlango ukafunguka. Dada akatoka, akainama chini ya bumba lile, mkononi ana kitambaa cheupe cha atlasi, kile cha bei cha gauni la harusi.

"Nishike wapi?"

"Hapa. Pumua taratibu."

Mfuga nyuki akakipiga kibao kofi moja. Bumba likaangukia sandukuni, zito kama mtoto aliyelala. Nyuki kadhaa wakapanda mkono wa dada. Alifumba macho, sanduku asiliachie. Wakatandika atlasi chini, wakalitua sanduku juu yake. Waliobaki wakatembea juu ya atlasi kuelekea sandukuni, mikia juu, wakipepea mbawa kuwaita wenzao.

Mfuga nyuki akalitafuta lile jibu lake. Lilikuwa limeshakuwa butu.

"Umeshika vizuri, dada."

Wakakaa kizingitini hadi jua likazama na nyuki wa mwisho wakarejea.

"Atlasi yako imepata madoa."

"Bibi harusi nitamwambia ni maua," dada alijibu. "Unawapeleka wapi?"

"Shambani, nyuma ya kilima. Mzinga uko tayari."

Dada akafunga duka. Akaingia garini bila kualikwa, akalipakata sanduku, sikio karibu na mfuniko.

"Endesha polepole," alisema. "Humu ndani wanaongea."